Damu Ikivia Kichwani, Saa Hupotelea Wapi?

Uliza katika hospitali yoyote kubwa kwa nini mgonjwa wa damu kichwani amefikishwa kwa bingwa akiwa hajitambui, na jibu la kwanza utakalopewa ni kwamba ndugu walichelewa kumleta. Jibu hilo lina ukweli wake. Wapo wanaomlaza mtu nyumbani siku mbili wakimsomea, wakimkanda, wakisubiri aamke. Lakini ni jibu la raha mno kwa wanaolitoa, kwa sababu linaifunga hesabu getini. Saa zinazopotea kati ya dawati la mapokezi na meza ya upasuaji hazimo kwenye hesabu hiyo, na kwa maoni yangu huko ndiko kwenye mengi ya kurekebisha. Saa za nyumbani angalau zina mwenyewe: mume, mjomba, jirani. Za hospitalini hazina.

Ila kabla ya kugawa lawama tuelewane kuhusu damu yenyewe, maana si ya aina moja, na kila aina ina saa yake.

Fuvu la mtu mzima halitanuki. Ndani yake mna ubongo, damu na yale maji yanayoteremka hadi uti wa mgongo. Kimoja kikiongezeka, kingine hakina budi kupungua. Mwanzoni maji husogea kupisha, ndiyo maana mtu huweza kuzungumza vizuri huku damu ikikusanyika kichwani mwake. Nafasi ya kupisha ikishaisha, shinikizo hupanda kwa ghafla, ubongo husukumwa kuelekea kwenye tundu la chini ya fuvu, mboni ya jicho moja hutanuka, pumzi huvurugika. Kutoka "naumwa kichwa kidogo" hadi hapo huenda zisifike saa tatu.

Machi 2009 mwigizaji wa Uingereza Natasha Richardson alianguka akijifunza kuteleza kwenye theluji huko Mont Tremblant, Kanada. Akainuka, akatania, akakataa wahudumu wa gari la wagonjwa wasimwangalie. Baadaye kichwa kikaanza kumuuma. Siku mbili baada ya kuanguka alikuwa amefariki. Damu ilivia kati ya mfupa na utando wa ubongo, na hii ndiyo aina ambayo ikitolewa mapema mtu anaweza kurudi kazini kama kawaida. Namtaja kwa sababu alikuwa na uwezo, tena katika nchi yenye hospitali, na bado muda ulimpita: kile kipindi cha kuonekana mzima kilimhadaa yeye na waliokuwa naye. Kijana wa bodaboda anayejikung'uta vumbi pale Mbagala na kusema "niko poa" yumo katika hatari ileile.

Damu inayovia chini ya utando baada ya kugongwa kwa nguvu ni mbaya zaidi, kwa kuwa ubongo wenyewe huwa umepondeka. Utafiti wa Marekani uliochapishwa 1981, wa wagonjwa 82, ndio uliowafanya wapasuaji wa dunia waanze kuitazama saa ya ukutani: kati ya waliofunguliwa fuvu ndani ya saa 4 walikufa asilimia 30, kati ya waliochelewa zaidi ya hapo, asilimia 90. Tafiti zilizofuata hazikupata pengo kubwa kiasi hicho, lakini hiyo si sababu ya kusubiri.

Halafu kuna damu ya presha. Mshipa mwembamba ulio ndani kabisa ya ubongo hupasuka baada ya miaka ya shinikizo lisilotibiwa. Watu wengi, na madaktari baadhi, huamini kwamba hapo kilichomwagika kimeshamwagika. Sivyo. Utafiti wa 1997 ulionyesha kwamba kwa robo ya wagonjwa waliopigwa picha mapema, donge lilikua ndani ya saa moja tu baada ya picha ya kwanza. Na ukubwa wa donge una maana: likipita mililita 60, yaani vijiko vinne vya chakula, na mgonjwa akiwa tayari kwenye usingizi mzito, wachache sana humaliza mwezi. Kwa hiyo mgonjwa wa kiharusi anayesubiri kwenye benchi huenda damu bado inamtoka.

Zimebaki mbili nitakazozipitia haraka. Mshipa uliofanya uvimbe ukipasuka huleta maumivu ya kichwa ya ghafla kuliko yote aliyowahi kuyapata mtu, shingo hukakamaa, naye mara nyingi huishia kutibiwa malaria au homa ya uti wa mgongo. Hatari ya kupasuka tena huwa kubwa kuliko siku nyingine zote ndani ya saa 24 za mwanzo. Na kuna damu ya wazee, inayokusanyika kidogo kidogo kwa wiki kadhaa baada ya kujigonga kidogo tu. Babu anaanza kusahau, anayumba, anakojoa kitandani, na familia inasema ni uzee. Hiyo hutolewa kwa tundu dogo, na pengine kesho yake babu anawaita wajukuu kwa majina.

Sasa turudi kwenye saa zinazopotea. Mwaka 1994 watafiti Sereen Thaddeus na Deborah Maine waliandika kuhusu vifo vya wajawazito na kuugawa ucheleweshaji katika sehemu tatu: kuchelewa kuamua kutafuta tiba, kuchelewa kufika, na kuchelewa kuhudumiwa baada ya kufika. Mgawanyo huo umekuwa msingi wa karibu kila mpango wa kuokoa wazazi Afrika Mashariki. Watafiti wa Hospitali ya Mulago, Kampala, wamekwisha kuutumia kwa majeraha ya kichwa, nami nitaufuata hapa. Bado sijaona sababu ya mgawanyo huo kuishia wodi ya wazazi.

Kuhusu nyumbani, jambo moja linanishangaza kila nikilikumbuka. Utafiti uliochapishwa 2008 ulilinganisha namna watu wa Dar es Salaam na wa wilaya ya Hai, Kilimanjaro, wanavyokielewa kiharusi. Ungedhani mjini ndiko watu wangetaja presha, na kijijini wangetaja majini. Ikawa kinyume. Dar es Salaam ndiko kiharusi kilikohusishwa zaidi na mashetani na uchawi. Hai walitaja presha, vyakula vya mafuta na mawazo. Hai ilikuwa imepitiwa na miaka ya watafiti na wahudumu wa afya waliokwenda nyumba kwa nyumba, na mimi naona hayo ndiyo maelezo. Basi tusiseme kwamba imani ni jambo la asili lisilobadilika. Palipotembelewa, watu wanajua.

Kwa majeruhi wa ajali, mara nyingi kinachochelewesha ni pombe. Mtu akinuka gongo hatazamwi tena. Analazwa kwenye mkeka "ausinzie ulevi", na wanaopita wanacheka koroma yake, ilhali koroma ile huenda ni ya ubongo unaobanwa. Polisi hufanya hivyo, majirani hufanya hivyo, na wauguzi wa zamu ya usiku pia hufanya hivyo. Kanuni ya kujikinga ni nyepesi: mlevi aliyeanguka aamshwe kila baada ya muda mfupi aulizwe jina lake, na akizidi kulegea badala ya kuchangamka, asisubiri asubuhi.

Njiani napo pamesemwa sana, na si bure. Pemba, Mafia na Ukerewe zina bahari au ziwa katikati. Hadi juzi mgonjwa wa Sengerema aliyepewa rufaa kwenda Hospitali ya Bugando alipanga foleni ya kivuko pale Busisi. Daraja la Kigongo–Busisi lilipofunguliwa Juni 2025, kilomita tatu za maji zikawa safari ya dakika chache. Huo ni ushindi mkubwa na haufai kudharauliwa. Lakini mwendo si kila kitu. Majeruhi wa kichwa akibebwa mishikaki katikati ya bodaboda, kichwa kikining'inia, ulimi ukiziba koo, atafika haraka akiwa ameharibika zaidi. Takwimu za wagonjwa wa Marekani zilizochapishwa 1993 zilionyesha kwamba kwa majeruhi mahututi wa kichwa, kushuka kwa presha hata mara moja chini ya 90 kunazidisha vifo zaidi ya maradufu. Mtu aliyekosa hewa na damu njiani anafika na ubongo ulioumia mara mbili.

Na hapa ndipo ninapoanza kuwaonea wivu wazazi. Mjamzito wa Tanzania akishikwa na tatizo, kituo hupiga 115. Mfumo wa m-mama, ulioanzia Kanda ya Ziwa na sasa kuenea nchi nzima hadi Zanzibar, humtafutia gari la wagonjwa lililo karibu. Lisipopatikana huitwa dereva wa kawaida aliyesajiliwa, naye hulipwa kwa simu. Mjamzito halipi. Kwa mwanamke huyohuyo, akianguka kwa presha miaka kumi baada ya uzazi wake wa mwisho, hakuna namba kama hiyo ambayo kila mtu mtaani anaijua. Familia inaanza kutafuta teksi.

Sasa tuingie ndani ya geti.

Rufaa zetu zimejengwa kama ngazi: zahanati, kituo cha afya, hospitali ya wilaya, ya mkoa, ya kanda, ya taifa. Kwa ugonjwa wa polepole ngazi hiyo ina busara. Kwa damu kichwani kila ngazi ni sehemu ya kusubiri. Kituo cha kwanza kinapima malaria na kuning'iniza dripu, kwa sababu ndicho kinachoweza. Cha pili kinarudia kipimo cha malaria, kwa sababu hakikiamini kile cha kwanza. Kinachokosekana kwenye barua ya rufaa, mara nyingi, ni kile kimoja ambacho bingwa anakihitaji: mgonjwa alikuwa na fahamu kiasi gani saa ngapi, na mboni zake zilikuwaje. Kipimo cha Glasgow, kilichotungwa na Teasdale na Jennett mwaka 1974, hakihitaji umeme wala maabara. Unaangalia macho, maneno na viungo, unajumlisha hadi 15. Mgonjwa aliyekuwa 14 saa mbili usiku na 9 saa nne usiku ni mtu anayezama, na mpokeaji anapaswa kuandaa chumba cha upasuaji kabla gari halijafika. Barua inayosema "hali si nzuri" haimwambii hivyo.

Majeruhi wa ajali au ugomvi ana kikwazo chake cha ziada, ile fomu ya polisi, PF3. Serikali imerudia mara nyingi kwamba mgonjwa wa dharura atibiwe kwanza na fomu ifuate. Hata hivyo hofu ya kuingizwa kwenye kesi bado inamfanya mhudumu mdogo amwambie ndugu apitie kituoni kwanza. Simlaumu sana mhudumu huyo; aliyemwacha bila ulinzi wa maandishi ukutani mwake ndiye wa kuulizwa.

Picha ya kichwa ndiyo njia panda. Bila hiyo hakuna anayeweza kutambua kwa macho kama kiharusi ni cha mshipa kuziba au cha mshipa kupasuka, na tiba za hayo mawili zinapingana. Mashine ya CT ilimpiga picha mgonjwa wa kwanza jijini London mwaka 1971, kutokana na ubunifu wa mhandisi Godfrey Hounsfield. Tanzania kwa miongo mingi ilikuwa nazo chache tu, hadi fedha za UVIKO-19, zile shilingi trilioni 1.3 za mkopo wa mwaka 2021, zilipotumika kupeleka mashine hizo kwenye hospitali za rufaa za mikoa. Hatua hiyo iliondoa safari ndefu sana kwa watu wengi. Lakini ilifichua foleni nyingine zilizokuwa nyuma ya ile ya kwanza. Nani anaisoma picha saa tisa usiku? Nani anawasha mashine ikiwa fundi wa zamu yuko nyumbani kwake? Na gharama yake ni ya kuanzia laki, si ya elfu, kwa mtu ambaye ndugu yake mmoja tu ndiye amefika, tena akiwa na pesa ya nauli mfukoni. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa 2023. Mpaka itakapomfikia kila mtu, ofisi ya ustawi wa jamii ndiyo inayotoa msamaha, na ofisi hiyo kwa kawaida hufunguliwa asubuhi. Madaktari wamejitafutia njia ya mkato: wanapiga picha ile kwenye kioo kwa simu na kuituma WhatsApp kwa bingwa aliye mbali. Haijaandikwa kwenye mwongozo wowote ninaoujua, na inaokoa watu.

Baada ya picha huja mambo ambayo ndugu hawayaoni. Chumba cha upasuaji ni kimoja na ndani yake kuna mama anayetolewa mtoto. Damu ya kuongezewa haipo, ndugu wanatafutwa wachangie. Ridhaa inasubiri saini ya kaka mkubwa aliye Tunduma, ingawa kwa dharura ya kufa na kupona daktari anaweza kuanza bila kumsubiri. Mwisho kabisa ni kitanda cha wagonjwa mahututi, kwa kuwa hakuna maana ya kumfungua mtu fuvu kisha kukosa mashine ya kumpumulisha. Oktoba 2015 jijini Nairobi, mwanamume aliyegongwa na gari alikaa saa 18 ndani ya gari la wagonjwa akizungushwa kutafutiwa kitanda hicho, na akafa. Katiba ya Kenya ya 2010, ibara ya 43, inasema mtu asinyimwe tiba ya dharura. Gari lilikuwepo, na hospitali zilikuwa karibu. Ukilisoma tukio hilo kwa mgawanyo wa Thaddeus na Maine, kuchelewa kwa kwanza hakukuwepo kabisa, na kwa pili hakukuwa tatizo. Alikufa kwa ucheleweshaji wa tatu.

Kuna ucheleweshaji mwingine ndani ya geti ambao hauhitaji upungufu wa kitu chochote: kukata tamaa. Mwaka 2005 matokeo ya utafiti wa STICH, uliohusisha wagonjwa zaidi ya 1,000, yalionyesha kwamba kwa jumla, kumfungua mapema mgonjwa wa damu iliyovuja yenyewe ndani ya ubongo hakukumfaa kuliko kumtibu kwa dawa. Wengi walisikia nusu ya kwanza tu ya sentensi hiyo. Ikawa mgonjwa wa damu ya presha anasogezwa pembeni mwa wodi, anawekewa mpira wa mkojo, na familia inaambiwa imwombee. Lakini "kumtibu kwa dawa" ni kazi, tena ya haraka. Utafiti wa INTERACT3 wa mwaka 2023, wa wagonjwa zaidi ya 7,000, wengi wao wa nchi za kipato cha chini na cha kati, ulifanya mambo manne kwa pamoja: kuishusha presha hadi chini ya 140 ndani ya saa moja, kudhibiti sukari, kushusha homa, na kuizima nguvu ya dawa za kuzuia damu kuganda kwa wanaozitumia. Waliofanyiwa hivyo walikufa na kulemaa kwa uchache zaidi. Hakuna hata moja kati ya manne hayo linalohitaji bingwa wa ubongo. Hospitali ya wilaya inaweza kuanza yote kabla ya gari la rufaa kuwashwa.

Dawa ziko wapi? Nyingi ziko kwenye korido ileile, wodi ya wazazi. Haidralazini, ya kushusha presha kwa sindano, hukaa huko kwa ajili ya kifafa cha mimba. Asidi ya traneksamiki, iliyovumbuliwa Japani na Utako Okamoto na mumewe mwanzoni mwa miaka ya 1960, iko huko kwa ajili ya mzazi anayevuja damu. Mwaka 2019 utafiti wa CRASH-3, wa majeruhi zaidi ya 12,000 katika nchi 29, ulionyesha kwamba dawa hii ikitolewa ndani ya saa 3 hupunguza vifo kwa walioumia kichwa kwa kiasi kidogo na cha kati. Kwa waliokwisha kuzama kabisa haikusaidia. Yaani inamfaa yule hasa anayekaa kwenye benchi akionekana anaweza kusubiri. (Kwa damu ya presha haijathibitika hivyo, na si vizuri kuwauzia watu matumaini ya jumla.)

Linabaki swali gumu zaidi: nani aruhusiwe kutoboa fuvu? Mabingwa wa upasuaji wa ubongo wamekusanyika Muhimbili, kwenye taasisi ya MOI, na kwenye hospitali chache za kanda. Zanzibar wapo Mnazi Mmoja. Mwaka 2006 mpasuaji wa Marekani Dilan Ellegala alifika hospitali ya Haydom, mkoani Manyara, akamfundisha Emmanuel Mayegga, daktari msaidizi, kufanya upasuaji wa kichwa. Wapo waliokereka. Swali lao, kwamba nani atajibu mambo yakiharibika, lilikuwa la haki. Ila lina mwenzake ambalo huulizwa mara chache: nani anajibu mgonjwa akifia njiani kwenda kwa bingwa? Na ardhi hii haikuwa ngeni na kazi hiyo. Huko Kisii, Kenya, waganga wa Abagusii waitwao omobari walifungua mafuvu ya watu waliougua kichwa baada ya kuumia, na wageni walirekodi kazi yao karne iliyopita. Sisemi turudi kwa omobari. Nasema damu iliyo juu ya utando, kwenye panja, mgonjwa akizama na bingwa yuko saa sita mbali, ni kazi ambayo mpasuaji wa kawaida wa mkoa anaweza kufundishwa, huku bingwa akiwa kwenye simu.

Nimalizie na hesabu, kwa sababu hapo ndipo mjadala huu hupotoshwa. Ukichukua majalada ya hospitali kubwa na kulinganisha waliopasuliwa mapema na waliochelewa, unaweza kukuta waliochelewa hawakufa zaidi, pengine walikufa kidogo. Wapo wanaohitimisha kwamba muda hauna uzito. Ukweli ni kwamba wale ambao muda ungewaua walikwisha kufa, ngazi mbili chini, na majalada yao hayapo kwenye kabati lile. Aliyefika siku ya tatu akiwa hai amefika kwa sababu damu yake ilikuwa ya kuvumilika. Hesabu ya kweli huanzia kituo cha kwanza, na inahitaji saa zilizoandikwa: saa ya kuanguka, ya kufika, ya kuonwa, ya picha, ya kisu.

Kwa mzazi anayekufa, hesabu hiyo hufanywa. Kila kifo cha uzazi kinatakiwa kuhakikiwa kikaoni, na mganga mfawidhi hujikuta akieleza kwa nini gari lilichukua dakika 90 na damu ilikuwa wapi. Vikao hivyo vina kasoro zake. Vingine hugeuka mahali pa kutafuta mchawi, vingine hujaziwa fomu tu. Lakini vimewafanya watumishi waitazame saa mgonjwa akiwa bado hai, kwa kujua kwamba wataulizwa. Kwa kijana wa miaka 22 aliyeletwa na mboni moja imetanuka, akafa saa 11 alfajiri akisubiri picha, hakuna kikao kinachoitishwa. Wilaya inayotaka kuanza haihitaji kusubiri fedha za wizara: ina chumba kilekile, wajumbe walewale, na fomu ambayo maswali yake mengi hayabadiliki.